Umeme haukuunga ugwe uliokatika

Video imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya Goma na Bukavu. Mwanamume aliyepooza miguu, aliyewekewa kifaa cha umeme mgongoni, anashika kigari cha kutembelea, anainua goti, anakanyaga, anasonga mbele. Chini yake watu wameandika maneno yale yale ya mara iliyopita: dawa ya kupooza imepatikana. Siku mbili tatu baadaye swali linafika wodini, kutoka kwa baba au kaka wa kijana aliyevunjika mgongo kwa ajali ya pikipiki: hiyo mashine iko nchi gani, na ni dola ngapi? Familia inaanza kuhesabu kiwanja, ng'ombe, michango ya kanisa.

Video yenyewe ni ya kweli. Kinachoeleweka vibaya ni kile inachothibitisha. Haithibitishi kwamba ugwe, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo, ukiisha kukatika umeungwa, kwa maana hakuna aliyefanya hivyo mpaka leo. Inathibitisha mambo mawili mengine: kwamba neva zilizo chini ya jeraha zinabaki hai kwa miaka mingi, na kwamba wengi tuliowaandikia "amepooza kabisa" wamebakiwa na nyuzi chache zinazopita katikati ya jeraha bila kuonekana. Ukiisoma hivyo, maana yake haiko Uswisi, kunakofanyiwa majaribio hayo. Iko kwenye kitanda cha mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Ndosho, Goma, au ya Panzi, Bukavu, wiki hii: nani alilinda zile nyuzi chache siku ya kwanza, na nani analinda ngozi, figo na viungo vyake leo ili siku tiba itakapofika imkute mtu anayetibika.

Uti wa mgongo ni mifupa iliyopangwa pingili juu ya pingili. Ndani ya tundu lake unapita ugwe wa neva wenye urefu wa sentimita 45 hivi, mnene kama kidole kidogo cha mkono, laini kiasi kwamba kipande cha mfupa kikiusogelea milimita chache kinauponda. Amri za ubongo zinashuka humo na hisia zinapanda humo. Kwa mtu mzima ugwe unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sehemu yake ya chini ina mitandao ya neva inayojua kazi ya kutembea: kukunja goti, kulinyoosha, kupokezana kushoto na kulia. Pingili ya kifua ikivunjika na kuuponda ugwe, mitandao hiyo haifi. Inapata damu kama kawaida, imekosa amri tu. Watafiti wanaweka elektrodi, vipande vidogo vinavyopitisha umeme, juu ya utando unaofunika ugwe, upande wa nyuma, na umeme mdogo unasisimua nyuzi za hisia zinazoingia pale; hizo nazo zinaiamsha mitandao ya mwendo hadi karibu na kizingiti cha kufanya kazi. Ni sawa na mtu aliyelala usingizi mzito. Ukimnong'oneza hasikii. Mtikise bega mpaka awe nusu macho, na mnong'ono ule ule utatosha. Umeme ndio unaotikisa bega. Mnong'ono ni zile nyuzi chache zilizosalia, na pasipo mnong'ono, kutikisa peke yake hakuleti hatua ambayo mtu ameitaka mwenyewe.

Historia ya kazi hii inasaidia kupima matumaini. Mwaka 2011 watafiti wa Louisville, Marekani, waliripoti kijana mmoja aliyeweza kusimama na kusogeza miguu umeme ukiwashwa. Mwaka 2018 makundi matatu, la Louisville, la Mayo Clinic ya Marekani na la Lausanne, Uswisi, yalitangaza karibu kwa wakati mmoja watu waliopiga hatua baada ya miezi ya mazoezi. Mwaka 2022 Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch wa Lausanne walionyesha wanaume watatu waliokuwa wamepoteza mwendo na hisia zote za miguu, ambao walipiga hatua ndani ya siku moja ya kuwashiwa kifaa, wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda inayobeba sehemu ya uzito wa mwili. Mwaka 2023 ikafuata habari ya Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia mwaka 2011 akiwa kwenye baiskeli: vifaa viwili kwenye fuvu vinasoma nia ya kutembea na kuituma kwenye elektrodi za mgongo. Kisha mwaka 2024 yakatoka matokeo ya jaribio la Up-LIFT, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayotuhusu zaidi ingawa hayakupata video ya kusisimua. Watu 60 walioumia shingo, wote wakiwa wamebakiwa na hisia au mwendo kidogo chini ya jeraha, walifanya mazoezi ya mikono miezi miwili bila umeme, halafu miezi miwili pamoja na umeme uliopitishwa juu ya ngozi ya shingo bila upasuaji. Asilimia 72 waliongeza nguvu za mkono na pia uwezo wa kuutumia. Desemba mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiruhusu kifaa hicho.

Sasa tazama yale ambayo simu haionyeshi. Mikanda ya kubeba uzito hukatwa kwenye picha. Miezi ya mazoezi haiwezi kuingia katika sekunde 40. Kwa Oskam, maambukizi yalilazimu kuondolewa kwa kifaa kimoja kati ya viwili vya fuvuni, na hilo lilitokea katika mojawapo ya hospitali zenye vifaa bora duniani. Up-LIFT haikuwa na kundi la kulinganisha lililopewa umeme bandia. Na wagonjwa wa majaribio haya huchaguliwa: kwa kawaida mwenye kidonda cha kulalia, mwenye maambukizi ya mkojo yasiyotulia au mwenye viungo vilivyokakamaa hapokelewi. Jambo hili la mwisho nitalirudia, kwa kuwa ndilo linalofunga mlango kwa wagonjwa wetu kabla bei haijaulizwa.

Kuna upande unaosema: haya ni ya matajiri, tusiwape watu wetu ndoto, aliyevunjika mgongo huku arudi kijijini akasubiri siku zake. Wanaosema hivi mara nyingi wamechoka kuona vifo, na uchovu wao nauelewa. Lakini hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote, na imekwisha kukanushwa tangu miaka ya 1940. Kabla ya hapo, Ulaya yenyewe iliwahesabu waliovunjika mgongo kuwa maiti wanaosubiri: walikufa ndani ya miezi kwa vidonda vya kulalia na kwa figo zilizooza kwa maambukizi. Februari 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua wodi ya uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Alianza kwa kuagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ngozi ikaguliwe, kibofu kitunzwe kwa usafi mkali, na mazoezi yaanze mapema. Wagonjwa wakaacha kufa. Wakaanza kazi na michezo, na michezo ile ya uwanja wa hospitali ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Hakuna kifaa chochote cha umeme, hadi leo, kilichookoa maisha ya watu wengi wenye jeraha la ugwe kuliko mikono ya kumgeuza mgonjwa kwa saa. Mikono hiyo Goma tunayo.

Upande wa pili unasema: uza kiwanja, mpeleke nje. Hoja hii ina uzito wake na haifai kudharauliwa. Utafiti wa STASCIS wa mwaka 2012, uliosajili wagonjwa 313 walioumia ugwe wa shingo, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mgandamizo kabla ya saa 24 walikuwa na nafasi mara 2.8 zaidi ya kupanda madaraja mawili au zaidi ya nafuu. Muda basi ni tiba. Lakini muda huohuo ndio unaoibomoa safari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini. Barabara na meli za ziwa zina ratiba zake, hati za mpaka zina zake. Anayefika nje baada ya wiki tatu akiwa na kidonda cha makalio kinachoonyesha mfupa hatafanyiwa upasuaji wa mgongo mpaka kidonda kipone, na pesa za kiwanja zitaishia kwenye bandeji. Wapo wanaovutwa na matangazo ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka tishu nyingine. Majaribio ya kweli yapo: Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kiliripoti mwaka 2025 wagonjwa wanne waliowekewa seli ndani ya wiki chache za kuumia, wawili wakapata nafuu. Wanne, bila kundi la kulinganisha, wakati tunajua kwamba baadhi ya wagonjwa hupanda daraja katika mwaka wa kwanza bila tiba ya pekee. Kliniki inayokuuzia sindano ya seli miaka mitatu baada ya ajali inauza kitu ambacho hakijathibitishwa. Mwaka 2014 madaktari waliripoti habari ya mwanamke aliyepandikizwa seli za puani kwenye ugwe; miaka minane baadaye ilibidi afanyiwe upasuaji mwingine kuondoa uvimbe wa tishu za pua, zenye kutoa makamasi, uliokuwa umeota mgongoni mwake.

Kabla ya kuzungumza kuhusu safari, lazima tujue mgonjwa ana nini, na hapa ndipo penye uzembe unaouma. Uchunguzi unaotumika duniani kote kupanga madaraja ya jeraha la ugwe hauhitaji umeme. Unahitaji pamba, pini, glovu na dakika 30 hadi 60. Sehemu 28 za ngozi hupimwa kila upande, kwa mguso mwepesi na kwa ncha ya pini. Misuli 10 kila upande hupewa alama 0 hadi 5. Halafu kidole kwenye njia ya haja kubwa: je, mgonjwa anahisi kikibonyeza? Je, anaweza kukibana kwa hiari? Hatua hii ya mwisho inarukwa kwa aibu au kwa haraka, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Neva za pale zinatoka mwisho kabisa wa ugwe. Kama ujumbe unafika huko, hata kwa shida, basi kuna nyuzi zilizopita kwenye jeraha, na mgonjwa si wa daraja A, la kupooza kabisa. Matarajio yake ni tofauti, haraka ya upasuaji ni tofauti. Uchunguzi urudiwe baada ya saa 72, kwa sababu mshtuko wa ugwe wa siku za mwanzo unaweza kuficha kilichosalia. Anayeandika "paraplejia" kwenye faili na kusonga kitanda cha pili hajapima.

Tena, miguu iliyokufa haimaanishi ajali kila mara. Maumivu ya mgongo ya miezi, homa za jioni, kupungua mwili na kibyongo kinachochomoza: huyo anaweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa, na ugwe wake unaweza kurudi kazini kwa dawa za kifua kikuu zikimezwa hadi mwisho. Na Kivu Kusini, eneo la Burhinyi huko Mwenga, madaktari walieleza mwaka 2011 kuzuka kwa konzo, ugonjwa ulioelezwa kwanza Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, bila homa, hisia zikiwa zimebaki. Chanzo ni sianidi ya muhogo mchungu ulioandaliwa haraka mno, kwa watu waliokosa protini, mara nyingi wakati wa vita na njaa. Hakuna elektrodi wala upasuaji wa huyu. Kinga yake imejaribiwa humu humu Kongo: unga wa muhogo unalowanishwa kwa maji, unatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au tano kivulini ili sianidi itoke hewani, kisha unapikwa siku ileile. Nawataja wagonjwa hawa kwa sababu nimeona video ile ile ya kigari ikitumwa kuwafariji watu wa namna zote hizi kana kwamba ugonjwa wao ni mmoja.

Turudi kwenye ajali. Nyuzi chache zilizosalia hupotea wapi? Nyingi hupotea barabarani. Aliyeanguka juu ya mawe ya lava au kwenye mteremko wa Kadutu, Bukavu, anainuliwa kwa kwapa na magoti, anakalishwa kati ya motari (dereva wa pikipiki) na mtu wa kumshika kwa nyuma, kichwa kinaning'inia mpaka hospitali. Kila tuta ni mfupa unaosogea juu ya ugwe. Njia sahihi inataka watu wanne na ubao, hata mlango uliong'olewa. Mmoja anashika kichwa kwa mikono miwili, yeye peke yake ndiye anayetoa amri. Watatu wanashika bega, nyonga na magoti. Anahesabu moja, mbili, tatu, mwili unageuka kama gogo moja, ubao unaingizwa, mgonjwa anarudishwa. Nguo zilizokunjwa zinawekwa pande mbili za kichwa. Akifika wodini aondolewe ubaoni upesi, asikae juu yake hata saa mbili: ngozi isiyohisi inaanza kufa palepale, na kidonda kitakachoonekana wiki ijayo kilizaliwa kwenye ubao ule. Shinikizo la damu lililoshuka huku mapigo yakiwa polepole, chini ya 60, na ngozi ikiwa ya joto, si lazima liwe kutokwa damu. Jeraha la shingo hufanya hivyo, na anayemwagia serumu (maji ya mshipani) chupa kwa chupa anaweza kuyajaza mapafu maji. Na tuache desturi ya kumchoma kila aliyeumia kichwa au mgongo sindano za kortikosteroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Jaribio la CRASH la mwaka 2004, lenye watu wazima 10,008 walioumia kichwa, lilionyesha vifo vya asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili kwa waliopewa, dhidi ya 17.9 kwa waliopewa dawa bandia. Kwa ugwe, mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani wa mwaka 2013 ulisema zisitumiwe. Kama jeraha la kichwa linavuja damu ndani ya fuvu, utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 unaelekeza kwenye asidi ya traneksamiki: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8, ikianza kabla ya saa 3 kupita. Dawa hiyo ipo kwenye chumba cha kujifungulia cha hospitali nyingi, umbali wa mlango mmoja.

Baada ya hapo kazi inahamia kwa muuguzi, kwa kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) na kwa gadimaladi (ndugu anayemuuguza mgonjwa). Kugeuza kila baada ya saa mbili: kushoto, chali, kulia, na karatasi ukutani inayoandikwa saa, la sivyo usiku unapita bila kugeuzwa. Mto uwekwe chini ya ndama za miguu ili visigino vielee hewani. Pakiwa pekundu, bonyeza kidole sekunde chache. Wekundu usipopotea, mgonjwa asilalie upande huo mpaka ngozi irudi. Kibofu: sonda (mrija wa mkojo) ya kudumu inafaa siku za mwanzo, lakini kuiacha miezi ni kuita mawe na maambukizi. Kinachofaa ni kuingiza mrija, kutoa mkojo na kuuondoa mrija, mara 4 hadi 6 kwa siku, kiasi kisizidi mililita 500 kwa mara moja. Tangu mwaka 1972 inajulikana kwamba mikono iliyooshwa na mrija safi vinatosha nyumbani. Mgonjwa aliyeumia kifua cha juu au shingo akiumwa kichwa ghafla, akatoka jasho usoni na shinikizo likapanda, akalishwe, nguo zilegezwe, na kibofu kitazamwe kwanza kabla ya dawa yoyote: mara nyingi ni sonda iliyojikunja.

Kuna kosa moja la nia njema ambalo linahusu moja kwa moja mashine ya shingo niliyoitaja. Aliyeumia pingili za chini za shingo mara nyingi anaweza kuinua kiganja nyuma lakini hawezi kufunga vidole. Mishipa mifupi inayovuta vidole (kano) ndiyo mtego wake wa kushikia vitu: anapoinua kiganja, vidole vinajikunja vyenyewe na anashika kikombe, kijiko, simu. Gadimaladi mwenye upendo anamnyoosha vidole vyote huku kiganja kikiwa kimeinuliwa, asubuhi na jioni, ili "visikakamae". Baada ya wiki chache mishipa imelegea na mtego umekufa. Vidole vinyooshwe kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea chini tu. Mtu aliyepoteza mtego huo kwa mazoezi mabaya amepoteza mkono ambao umeme wa Up-LIFT ungeweza kuuimarisha.

Kwa hiyo wafadhili wanaouliza walete nini Goma, Bukavu au Lubumbashi wasianze na roboti. Waanze na chumba cha vitanda vinane vyenye godoro nene, wauguzi wanaotosha kugeuza usiku, kine wawili, mirija ya mkojo isiyokatika mwezi mzima. Waongeze karatasi moja ya kila mgonjwa: saa ya kuumia, saa ya kufika, namna alivyobebwa, daraja baada ya saa 72, kidonda kipo au hakipo siku ya kutoka, na hali yake baada ya mwaka. Karatasi mia mbili za namna hiyo ni utafiti, tena utafiti ambao Lausanne haiwezi kuufanya kwa niaba yetu, maana hakuna mgonjwa wa Lausanne anayeletwa kwa pikipiki. Siku majaribio yatakapotafuta wagonjwa Afrika ya Kati, wenye karatasi watahesabika.

Na siku ya kumpeleka nyumbani, familia ipewe begi: mirija, sabuni, mto wa kukalia, na kioo kidogo chenye mpini mrefu. Kila asubuhi kabla ya kuketi na kila usiku kabla ya kulala, ajigeuze, aweke kioo chini ya makalio na atazame ngozi mwenyewe. Akiketi, kila baada ya nusu saa ainame mbele, kifua kwenye magoti, kwa dakika moja au mbili.